Maswali ya Wasomaji: Kamera Mkononi, Kasa Ufukweni, Tembo Shambani

Tuliomba maswali kuhusu upigaji picha za wanyamapori kutoka mikoa ya Mtwara na Lindi. Wengi mmeuliza kamera gani ya kununua. Wachache wameuliza picha ikishapigwa inakwenda kwa nani, na hao ndio waliotupa kazi zaidi. Barua ndefu tumezifupisha.

Habari za kazi, mhariri. Sisi vijana wa Msimbati hukutana na kasa usiku akipanda kutaga. Tunataka kumpiga picha tuzisambaze, watu waache kuchukua mayai. Simu zetu usiku hazioni kitu bila taa. Tufanyeje?

Usiku mwacheni. Kasa anayetoka majini ni mwoga kupita kiasi: tochi ikimulika, mtu akisimama mbele yake au kelele zikizidi, anageuza na kurudi baharini na mayai yake. Akiisha kuanza kutaga hutulia, ndiyo maana watu hudhani hajali. Lakini flashi ya simu yenu inawafikia na wenzake ambao bado wako kwenye povu la wimbi wakichungulia ufukwe. Vifaranga nao hufuata mwanga. Kwa kawaida upande wa bahari huwa mweupe kuliko nchi kavu, nao huelekea huko. Taa ya bodaboda ikiwaka juu ya mchanga wanaelekea vichakani, na hapo kaa na jua la asubuhi huwamaliza.

Picha yenye kazi mtaipata alfajiri. Fikeni ufukweni kabla maji hayajajaa na kufuta alama, jua likiwa bado chini. Mwanga wa pembeni hutia kivuli katika kila mfereji wa mchanga. Ikifika saa nne alama ileile inaonekana bapa. Pigeni picha tatu. Ya kwanza ipigwe kutoka juu moja kwa moja, rula ya sentimita 30 ikiwa imelazwa kukatiza njia ya kasa. Ya pili ionyeshe njia yote kutoka majini hadi kwenye kiota, na ya tatu iwe ya shimo lenyewe. Rula si pambo. Kasa wa kijani huacha njia yenye upana wa karibu mita moja, na alama za makasia yake ya kushoto na kulia zinalingana, kwa sababu anajisukuma kwa yote mawili kwa pamoja. Ng'amba, aina nyingine ya kasa, njia yake ni nyembamba zaidi, kama sentimita 75, na alama zinapishana. Bila kipimo picha hiyo ni mchanga tu.

Viota huchukua takriban siku 55 hadi 60 kuanguliwa. Vifaranga wengi hutoka usiku, lakini wanaochelewa huonekana mlinzi wa kasa anapofukua kiota baadaye ili kuhesabu maganda. Hapo ndipo mtampata kifaranga mchana, mbele ya mtu anayejua anachofanya. Lalieni tumbo, simu iwe usawa wa mchanga, mkae pembeni ya njia yake. Msimnyanyue kumweka kiganjani kwa ajili ya picha, na msimpeleke majini, atembee mwenyewe.

Kabla ya yote, wasilianeni na ofisi ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, pia na walinzi wa kasa wa kijiji. Taasisi ya Sea Sense imefundisha walinzi wa aina hiyo katika vijiji vingi vya pwani yetu. Picha ya kiota isionyeshe mnazi uliopinda, kibanda wala mwamba unaojulikana. Mla mayai naye ana simu.

Hela ya korosho imeingia. Nataka kamera ya kupigia ndege na wanyama huku Nachingwea. Dukani wananiambia nichukue mpya yenye lenzi yake ndogo. Je, ni sawa?

Si sawa, ndugu. Lenzi hiyo ndogo huishia milimita 55, nayo ni ya harusi na mandhari. Kwa wanyama gawa fedha kinyume na watu wanavyozoea: kamera iliyotumika, lenzi nzuri. Anzia lenzi inayofika milimita 250 au 300.

Hesabu yenyewe ni hii. Kamera nyingi za bei ya kati zina sensa (kibao cha ndani kinachopokea mwanga) yenye upana wa milimita 23 hivi. Ukiweka lenzi ya 300, kwa umbali wa mita 20 picha nzima inabeba upana wa mita moja na nusu na ushee. Kwa mita 50 inabeba karibu mita nne. Maana yake swala aliye mita 50 atajaza theluthi ya picha, na hiyo inatosha. Ndege mwenye urefu wa sentimita 20 kwa umbali huohuo atakuwa kidoa. Kwa ndege lazima ufike mita kumi hadi kumi na tano, na hapo kinachokufikisha ni kukaa kimya mahali pamoja, si lenzi kubwa zaidi.

Kamera iliyotumika ikague hivi. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa nyuma na uchungulie kwa mbele: ukiona kitu kama utando wa buibui ndani ya kioo, huo ni ukungu, achana nayo hata wakupunguzie bei. Zungusha pete ya kuvutia. Ikikwaruza, mchanga umeingia. Funga uwazi wa lenzi (tundu linalopitisha mwanga) hadi f/16, piga picha ya anga jeupe, kisha ikuze: madoa meusi ni vumbi la sensa, nalo husafishika. Uliza idadi ya mapigo ya shata, yaani pazia linalofunguka na kufungwa kila picha inapopigwa. Kamera za daraja la chini hutengenezwa kwa matarajio ya mapigo kama 100,000. Ikiwa imefika 80,000 unanunua uzee.

Ukishaipata, weka kasi ya shata mwenyewe, usiiachie kamera. Mnyama aliyesimama, 1/500 ya sekunde. Anayetembea au kukimbia, 1/1000. Ndege arukaye, 1/2000. Acha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ijipange yenyewe, ukomo wake uwe 3200 au 6400. Wanaoanza huogopa chengachenga za ISO kubwa, wakashusha kasi, wakapata picha safi ya swala aliyetikisika. Chengachenga hupungua kwenye kompyuta, mtikisiko hauondoki. Badala ya stendi ya miguu mitatu, shona mfuko wa kitambaa kigumu, utie kilo moja na nusu ya mchele au maharage, uuweke dirishani mwa gari au juu ya kichuguu. Betri mbili. Memori kadi mbili za GB 32 ni salama kuliko moja kubwa, maana kadi hufa bila kuaga.

Lenzi yangu imeota ukungu ndani nikiwa hapa Lindi mjini, wala sijawahi kuinyeshea mvua. Sababu nini?

Hewa yenyewe. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 60 kwa muda mrefu, ndani ya begi lenye giza, ukungu unaota bila tone la mvua, na begi la ngozi ndilo baya kuliko yote. Tafuta ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, tia vifuko vya silika jeli, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na vifaa vya umeme, na uvikaushe upya au uvibadilishe kila vinapolowa. Mchele usitumie kukaushia, unatoa vumbi. Kila baada ya kutoka ufukweni futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Lenzi usibadilishie ufukweni. Ukungu ulioingia tayari ni kazi ya fundi wa lenzi. Ukiwa haba, picha bado zitatoka, ila ukielekea jua zitapauka.

Mimi ni VGS, askari wa wanyamapori wa kijiji, Liwale. Tulipewa kamera mbili za kutega kwenye njia ya tembo wanaoingia mashambani. Wiki tatu, picha zaidi ya elfu moja, karibu zote majani matupu. Usiku nyeusi tii. Zimeharibika?

Hazijaharibika. Kamera hiyo haitambui mnyama, inatambua kitu chenye joto tofauti na kilicho nyuma yake kinachopita mbele ya kihisio. Majani yaliyochomwa na jua yakipepea, nayo yanahesabika. Na Oktoba mchana, ardhi inapopata joto sawa na la ngozi ya mnyama, kihisio hakioni kitu hata akipita mnyama mkubwa kama pofu. Kwa hiyo fyeka nyasi zote mbele ya kamera, upana wa hatua mbili, kwenda mbele hadi mita tano, pamoja na tawi lile dogo unaloliona halina maana. Elekeza kamera kaskazini au kusini, kamwe si macheo wala machweo.

Usiifunge ikitazama njia kwa msalaba. Ielekeze kwa mshazari, nusu ya pembe mraba, mita tatu hadi nne kutoka njiani, mnyama aingie akiwa anakuja au anakwenda. Ukiiweka msalaba utapata mikia mitupu. Kwa swala, ngiri na chui, urefu wa sentimita 40 hadi 50 kutoka chini, maana yake usawa wa goti. Kwa tembo tafuta mti mnene, panda juu zaidi ya mita mbili, uinamishe kwa kipande cha kijiti nyuma yake. Tembo huichunguza kwa mkonga, na akiipenda anaondoka nayo.

Weusi wa usiku ni betri. Kamera nyingi za aina hii hula betri nane ndogo, na taa yake ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) ndiyo inayonyonya. Betri za dukani za kawaida volti inashuka taratibu: mchana bado zinapiga, usiku taa haifiki hata mita tano. Tumia za lithiamu, au zile nzuri za kuchaji, zote nane za aina na umri mmoja. Usichanganye nzee na mpya. Angalia pia sisimizi, hupenda kutaga ndani ya kasha, na mchwa hula mkanda wa kitambaa kamera ikaangukia uso. Waya mwembamba wa chuma unasaidia.

Kisha tarehe. Fungua mipangilio uhakikishe siku, mwezi, mwaka na saa, hasa usiku na mchana visibadilishane. Picha ya tembo wa saa nane usiku ikiandikwa saa nane mchana, hakuna afisa atakayeiamini. Na kwa mwenye shamba picha ya kamera haitoshi kudai kifuta jasho, kwa sababu malipo hutegemea ukubwa wa eneo lililoharibiwa na umbali kutoka mpaka wa hifadhi. Asubuhi ileile pigeni picha nyingine kwa simu: kona zote nne za shamba, mstari wa uharibifu ukianzia mpakani, wayo wa tembo ukiwa na rula pembeni, na kinyesi. Zipelekeni pamoja na taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya kabla mvua haijafuta.

Jambo la mwisho, Bwana VGS, na wengi hulisahau. Kamera hiyo itawapiga akina mama wanaotafuta kuni. Toeni taarifa kwenye mkutano wa kijiji kabla ya kufunga, semeni ziko njia gani na nani anafungua kadi. Picha za watu wasiohusika na ujangili zifutwe, zisizunguke kwenye makundi ya WhatsApp. Kijiji kikihisi kinapelelezwa, kamera zitapotea na mtapoteza na wale waliokuwa wakiwaletea habari.

Ndege wa ghuba ya Mikindani wananikimbia. Nikiingia matopeni na kamera wanaruka wote.

Wewe unawafuata maji yakiwa yamekupwa, nao wametawanyika matopeni wanakula. Geuza. Ingia mapema, muda wa saa mbili na nusu hivi kabla ya maji kujaa, keti nyuma ya mkoko au boti iliyopandishwa, jua likiwa mgongoni, kisha tulia. Maji yanapojaa yanayafunika matope kidogo kidogo na kuwasukuma ndege wenyewe kuja kwako. Siku za bamvua mchanga mkavu unaobaki ni mdogo, kwa hiyo wanabanana. Wahamaji kutoka Ulaya na Asia huanza kufika Agosti na Septemba na wengi huondoka ifikapo Aprili. Mwezi Machi, kabla ya safari, usiwarushe hata mara moja kwa makusudi: mafuta wanayoyachoma kwa kukukimbia ndiyo ya kuvukia jangwa.

Nataka kurusha droni Mnazi Bay nipige nyangumi. Kuna ruhusa ya kuomba?

Ipo, tena si moja. Droni husajiliwa na kuombewa kibali Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Wizara ya Ulinzi nayo inahusika. Juu ya hapo, eneo ni hifadhi ya bahari, liko mpakani na Msumbiji, na lina mitambo ya gesi. Ukirusha kienyeji hutapoteza droni tu.

Ushauri wetu, nenda kwa boti. Nyangumi wa nundu hupita pwani yetu takriban Julai hadi Novemba, wengine wakiwa na watoto. Toka alfajiri kabla upepo haujachafua bahari. Nahodha akae ubavuni, sambamba na njia yao, asiwakatize mbele wala asiingie kati ya mama na mtoto, na mita 100 zinazofuatwa sehemu nyingi duniani ziwe mwisho wa kusogea. Picha ya mruko ni ya kupamba ukuta. Yenye faida ni ya upande wa chini wa mkia, kwa kuwa weusi, weupe na makovu yake hayafanani kati ya nyangumi wawili. Boti ibaki ubavuni, ila kidogo nyuma yake. Akiukunja mgongo juu sana, anazama kwa kina na mkia utafuata. Shata 1/1000 au zaidi, piga mfululizo. Itume kwenye tovuti ya Happywhale ukiwa na tarehe na mahali, ambako mikia hulinganishwa na ya bahari nyingine. Hivyo ndivyo mnyama wa Mtwara anavyoweza kujulikana ameonekana wapi kwingine.

Nimepata picha ya komba mdogo Rondo. Rafiki kaniambia niiweke mtandaoni na ramani ili watalii waje. Niweke?

Picha weka, ramani usiweke. Komba wa Rondo alitambuliwa kisayansi kuwa spishi yake miaka ya 1990, ana uzito wa gramu 60 hivi, na misitu anamoishi ni vipande vidogo vilivyotengana. Kabla ya kuandika jina lake, angalia mkia: wake umejaa manyoya kama brashi ya kuoshea chupa. Ukiwa haumo kwenye picha, usidai. Na kwa komba sauti ina nguvu kuliko sura. Fungua kinasa sauti cha simu, ishike kimya dakika mbili mnyama anapoita, utakuwa umempa mtafiti kitu kinachotofautisha aina ambazo kwa macho zinachanganya. Usimpige flashi usoni. Tochi yenye karatasi nyekundu, sekunde chache, kisha zima. Msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), kibali omba kwao.

Kuhusu mahali: kwenye mipangilio ya kamera ya simu, zima kibonyezo cha kuhifadhi eneo kabla ya kupiga. Picha ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo huondolewa; ikitumwa kama faili la hati, zinakwenda zote. Wengi hutuma kama hati ili ubora usipungue, bila kujua wametuma na ramani. Tovuti ya iNaturalist huficha yenyewe mahali halisi pa spishi zilizo hatarini, kwa hiyo huko unaweza kutoa taarifa kamili.

Kwa maoni yangu picha ni za watalii. Tembo wa Selous waliisha na kamera zikiwepo. Msomaji, Masasi.

Una hoja. Mwaka 1976 ikolojia ya Selous ilikadiriwa kuwa na karibu tembo 110,000. Sensa ya mwaka 2013 ilikuta kama 13,000. Picha za machweo zilikuwa nyingi katika miaka yote hiyo. Kilichowashtua watu ni hesabu ya kutoka angani, na mwaka 2014 eneo hilo likaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Ndiyo sababu ukurasa huu unasumbua watu kwa rula, tarehe na upande wa chini wa mkia.

Klabu yetu ya mazingira, sekondari moja ya Lindi, ina picha 60. Tunataka kufanya maonyesho. Tupange vipi?

Mwalimu, chagueni kumi na mbili. Zichapwe ukubwa wa A3, ambao kwa ubora wa kutosha unahitaji upande mrefu wa pikseli 3,300 hivi. Picha iliyopitia WhatsApp kwa kawaida hubaki na 1,600, kwa hiyo tafuteni faili la asili kwenye kamera iliyopiga. Zining'inizeni kwa kamba na vibanio vya nguo, katikati ya picha iwe sentimita 130 kutoka chini, watoto waone.

Ukumbi wa shule hautawaleteeni wakulima. Ombeni nafasi kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, siku ya mnada wa korosho, ambako watu wanasubiri kwa saa nyingi bila kazi. Mizoga isizidi picha moja, watu hugeuza uso. Lakini shamba lililokanyagwa lazima liwemo, tena karibu na tembo mzima, kwa sababu mkulima aliyelala porini akipiga debe kufukuza tembo hatasikiliza maonyesho yanayomficha yeye. Chini ya kila picha andikeni sentensi mbili kwa herufi kubwa: mnyama gani, mahali gani kwa jina la wilaya tu, na anafanya nini. Sura za watoto ziombewe idhini kwa wazazi. Mwanafunzi mmoja asimame na daftari, aandike wanachosema wazee. Wengi wataeleza wanyama hao walikuwa wakipita wapi zamani, na hilo halimo katika picha yoyote mliyo nayo. Mlangoni bandikeni namba ya simu ya ofisi ya wanyamapori ya wilaya, mkiwa mmeipigia kwanza kuhakikisha inapokelewa.